Uzi: Kufungua kampuni Lubumbashi wenye mtaji wakiwa wageni (hisa, makaratasi, na mahali yanapokwama)

TundumaVipuri
Wakuu, habari za leo. Tuko wawili, raia wa Tanzania. Tunataka kufungua Lubumbashi duka la vipuri vya malori pamoja na gereji. Wateja wa kwanza ni wasafirishaji wa njia ya Kasumbalesa, baadaye migodi ya Likasi na Kolwezi. Tunaye mwenzetu Mkongomani aliye tayari kuingia nasi.

Naomba kujua: mgeni anaruhusiwa kumiliki hisa zote? Mtaji wa chini ni kiasi gani? GUCE (ofisi ya pamoja ya kuandikisha kampuni) wanataka karatasi zipi? Tukishapata namba ya RCCM (rejista ya biashara) tunaweza kuanza kazi hapo hapo? Na kwa kuwa Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Mtanzania bado anahesabiwa mgeni?

AvokaKampemba
Karibu Lubumbashi, ndugu. Maneno yako mawili, "baadaye migodi", ndiyo yanayoamua mengine yote. Watu wengi huanza na statuti (katiba ya kampuni), wakaja kuuliza habari ya wateja baadaye. Anza na mteja, maana mteja ndiye anayeamua hisa zikae vipi.

Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 12 Septemba 2012, na sheria ya kampuni tunayotumia ni ile ya OHADA iliyorekebishwa mwaka 2014. Ndani yake hakuna asilimia ya uraia. Wageni wawili wanaweza kushika hisa zote za SARL (kampuni yenye dhima ya ukomo), na hata mgeni mmoja peke yake anaweza kuwa na SARL ya mtu mmoja. Kwa gereji na kuwauzia wenye malori, asilimia 100 inakubalika.

Kwa migodi hesabu inabadilika. Sheria namba 17/001 ya 8 Februari 2017 inaihifadhi kazi ya sous-traitance (ukandarasi mdogo) kwa kampuni zenye mtaji wa Kikongomani, zilizoanzishwa na Wakongomani, makao makuu yakiwa ndani ya nchi. Chombo kinachosimamia ni ARSP. Kwa vitendo, mgodi utakuomba uthibitisho wa ARSP kabla idara ya ununuzi haijakuandika kama mtoa huduma, na ARSP itatazama kama Wakongomani wanashika angalau asilimia 51 na kama wamo kweli katika uongozi. Kutengeneza malori ya mgodi ni sous-traitance bila ubishi. Kuuza vipuri tu kuna mjadala wa kisheria, lakini migodi mingi hudai karatasi ya ARSP hata kwa muuzaji, kwa sababu hawataki matatizo. Usijenge biashara yako juu ya huo mjadala.

Kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki: kwa sheria hii haikusaidii. Inasema Mkongomani, haisemi mwana Jumuiya.

Onyo la pembeni kwa wanaosoma: biashara ndogo, ile ya patente (leseni ya mfanyabiashara mdogo), imehifadhiwa kwa raia na sheria ya 8 Agosti 1990 (namba 90-046). Mgeni asifungue kibanda kwa patente ya jina la mtu mwingine. Akikaguliwa hana mahali pa kusimama, na bidhaa kisheria ni za mwenye patente.

MtuWaLikasi
Kwa hiyo wamwandikie yule mwenzao asilimia 51, halafu wasaini karatasi ya pembeni kwamba hisa ni zao. Si ndivyo wanavyofanya wengi?

AvokaKampemba
Wanafanya, na ndizo kesi zinazojaa Tribunal de commerce (mahakama ya biashara). Karatasi hiyo ya siri ina ubaya wa pande zote. Ukiitoa mbele ya jaji, umekiri mwenyewe kwamba mlikwepa sheria ya 2017. Usipoitoa, mwenye asilimia 51 ndiye mwenye kampuni. Akifariki, warithi wake wanaingia na wala hawakujui.

Sasa soma kwa makini hapa, maana wageni hawaambiwi. Katika SARL ya OHADA, geranti (msimamizi mkuu wa kampuni) huondolewa na washirika wenye zaidi ya nusu ya hisa. Kifungu cha 326 kinaongeza kwamba sharti lolote la kinyume huhesabika halikuandikwa. Yaani hata mkiandika kwenye statuti kwamba geranti Mtanzania haondolewi ila kwa theluthi mbili, maneno hayo hayana nguvu. Mwenye 51 anaitisha mkutano, anamwondoa geranti, anakwenda banki na mukhtasari wa mkutano, sahihi inabadilishwa. Geranti aliyeondolewa bila sababu ya haki anaweza kudai fidia, lakini kiti hakirudi.

Kinachomlinda mwenye 49 katika SARL ni vitu vingine. Kubadili statuti kunahitaji robo tatu ya mtaji, kwa hiyo bila yeye hawabadili shughuli za kampuni wala hawaongezi mtaji kwa michango mipya. Kumuuzia mtu wa nje hisa kunahitaji kibali cha washirika wengine. Na mwaka 2014 OHADA ilitambua wazi mikataba ya washirika iliyo nje ya statuti, kwa hiyo mnaweza kuwekeana sharti la nani anunue hisa za nani na kwa bei gani mkikosana. Mkataba huo uandikwe na uwe wa kweli, usiwe wa kuficha.

MamaHesabuLSH
Naongeza juu ya maneno ya avoka: kwa hali yao mimi ningependekeza SAS (kampuni ya hisa iliyorahisishwa) badala ya SARL. Nayo ililetwa na marekebisho ya 2014. Statuti ndizo zinazopanga namna ya kumteua na kumwondoa rais wa kampuni, uamuzi upi unahitaji kura ngapi, na hisa zisiuzwe kwa muda gani. Mtaji hauna kiwango cha chini. Gharama ya kuiandikisha haitofautiani sana na SARL. Tofauti iko kwenye kazi ya kuandika statuti, maana huwezi kuchukua mfano wa bure ukajaza majina.

AvokaKampemba
Mama, kwa nguvu ya kisheria uko sahihi. Nina tahadhari moja. Ukitumia uhuru wa SAS kumpa mwenye 49 kura ya turufu juu ya kila kitu, rais, banki, bajeti, ajira, basi asilimia 51 ya Mkongomani imebaki ganda. Mkaguzi wa ARSP husoma statuti pia. Ningeweka turufu kwa mambo machache yanayotajwa moja moja: kukopa zaidi ya kiasi fulani, kuuza mitambo, kuingia shughuli mpya, kumteua mkaguzi wa hesabu. Mengine yaende kwa wingi wa kawaida.

Na faida si lazima igawanywe sawa na hisa. Statuti zinaweza kupanga mgawanyo mwingine, mradi hakuna mshirika anayenyimwa faida yote au anayebebeshwa hasara yote. Hapo ndipo mtu aliyeleta mitambo anaweza kulipwa haki yake bila kumdanganya mtu.

TundumaVipuri
Asante sana mheshimiwa wakili, na mama pia. Na tukifungua kampuni mbili? Moja yetu asilimia 100 kwa duka na wasafirishaji, nyingine ya 51 kwa 49 kwa migodi.

AvokaKampemba
Inawezekana na ni halali. Sharti ni kwamba ile ya pili iwe kampuni kweli: mafundi wake, vifaa vyake, akaunti yake. Ikiwa inapokea malipo ya mgodi na kuyapeleka yote kwa ile ya kwanza kwa jina la "huduma", sheria ya 2017 ina kifungu kingine kinachokubana: anayepewa kazi haruhusiwi kuipitisha kwa mwingine zaidi ya asilimia 40 ya thamani ya mkataba.

MamaHesabuLSH
Hapo sikubaliani kwa mwanzo. Kampuni mbili ni vitabu viwili vya SYSCOHADA (mfumo wa uhasibu wa OHADA), matangazo (ritani) ya kodi mara mbili kila mwezi, CNSS (hifadhi ya jamii) mara mbili, na kila fakture (ankara) kati ya hizo mbili DGI, idara ya kodi, itauliza bei ilipangwa vipi. Kwa duka na gereji ya mafundi kumi ni mzigo. Waanze na moja ya 51/49 iliyoandikwa vizuri kama mwenzao ni mtu wa kazi. Kama si mtu wa kazi, wasianze naye kabisa. Waanze peke yao na wasafirishaji, migodi isubiri.

Sasa mtaji. Kwa SARL, Kongo iliamua mwisho wa 2014 kwamba washirika wapange wenyewe, hakuna kiwango cha chini. SA (kampuni ya hisa ya kawaida) ndiyo yenye kiwango, faranga za CFA milioni 10 au thamani yake. Lakini kuruhusiwa kuandika dola 100 haimaanishi uandike dola 100. OHADA inasema mali halisi ya kampuni ikishuka chini ya nusu ya mtaji kwa sababu ya hasara, washirika lazima waitwe ndani ya miezi 4 tangu hesabu zipitishwe, waamue kuvunja au kuendelea, na wakiendelea wana muda wa kurekebisha. Mtaji wa dola 100 unaliwa na pango la wiki ya kwanza. Banki nayo, na idara ya ununuzi ya mgodi, husoma mtaji kwenye kichwa cha fakture yako. Weka kiasi kinachobeba matumizi ya miezi sita.

Kwa fedha taslimu, SARL inatakiwa ilipiwe angalau nusu mwanzoni, iliyobaki ndani ya miaka 2. Mkileta mitambo kama mtaji (mashine ya kunyanyulia, kompresa, lori la huduma) na thamani ya kitu kimoja, au ya vyote kwa jumla, inazidi CFA milioni 5, lazima awepo mthamini wa michango. Msipomweka, nyinyi washirika mnawajibika kwa thamani mliyoitaja.

Jambo moja naliomba kwa msisitizo: fedha za mtaji zipite banki, kutoka akaunti ya nje kwenda akaunti ya kampuni inayoandikishwa, na maelezo ya uhamisho yaseme ni mtaji. Hifadhi karatasi hiyo kama cheti cha kuzaliwa. Siku ya kupeleka gawio nyumbani, banki itafuata kanuni za Banque Centrale du Congo na itauliza mtaji uliingiaje. Aliyevuka mpaka na noti mfukoni hana jibu.

BinaMakaratasi
Jambo ndugu zangu. Tuje kwenye makaratasi yenyewe.

GUCE ni Guichet Unique de Création d'Entreprise. Faili moja linakupa RCCM, Identification nationale (Id. Nat.) na namba ya kodi (NIF), na wafanyakazi wake wanapeleka taarifa kwa CNSS, INPP (mafunzo ya kazi), ONEM (ofisi ya ajira) na Inspection du travail (ukaguzi wa kazi). Ada ni ya jumla, inalipwa banki kwa hati ya malipo. Anayekuomba umpe makuta mkononi kwenye korido si GUCE.

Faili la SARL yenye wageni:

- Statuti kwa Kifaransa, zimesainiwa na washirika wote kila ukurasa. Si lazima zipite kwa notari, lakini banki nyingi zinapenda zilizopita, na kwa wageni inaokoa maswali.
- Cheti cha banki cha kuweka mtaji.
- Tamko la kuandikisha hisa na kulipa mtaji.
- Uamuzi wa kumteua geranti kama hayumo kwenye statuti. Geranti lazima awe mtu, kampuni haiwezi kuwa geranti.
- Nakala za pasipoti, na kwa geranti atakayekaa hapa, visa au kibali chake.
- Kielelezo cha sahihi ya geranti.
- Cheti cha kutokuwa na kosa la jinai, au tamko la kiapo kwa muda. Ukitoa tamko, una siku 75 tangu kuandikishwa kuleta cheti chenyewe. Hili linasahaulika kuliko yote. Mtanzania anatakiwa akiombe kwao, kisha kitafsiriwe, na siku 75 si nyingi kwa safari hiyo. Akiombe kabla hajaondoka.
- Anwani kamili: avenue, namba, kwartie, komini. Sanduku la posta peke yake halikubaliki kuwa makao makuu.

Kama mshirika mmoja ni kampuni ya nje, leta statuti zake, hati ya kuandikishwa, na uamuzi wa bodi unaoruhusu kununua hisa Kongo na unaomtaja atakayesaini. Zote zithibitishwe kwao, zihalalishwe ubalozi wa Kongo wa nchi hiyo, zitafsiriwe kwa Kifaransa na mtafsiri aliyeapishwa. Uamuzi wa bodi usiotaja jina la msaini ndio unaorudisha faili nyingi.

Linalokwama zaidi ni majina. Pasipoti inasema majina matatu, statuti mawili, cheti cha banki herufi moja imeruka. Faili linarudi. Na kampuni ikiitwa "Safari Vipuri SARL" kwenye RCCM lakini NIF ikaandikwa bila SARL, utakuja kulia Kasumbalesa, si GUCE. Siku ile ile unapopewa hati, keti palepale usome herufi kwa herufi hati zote tatu. Kosa likionekana siku hiyo linarekebishwa. Likionekana baada ya miezi 3 ni faili la mabadiliko, lenye ada yake.

Shughuli za kampuni nazo ziandikwe kwa upana wa akili: uagizaji na uuzaji wa vipuri, utengenezaji wa magari na mitambo mizito, huduma za karakana, ukodishaji wa vifaa. Msiongeze "madini, mafuta, kilimo, benki" eti kwa tahadhari. Kila neno la shughuli yenye kibali maalumu linaleta mkaguzi wa shughuli hiyo mlangoni.

NakuruDiesel
Hamjambo ndugu. Swali kutoka Kenya: sisi tuna kampuni tayari Nakuru. Si rahisi tufungue tawi tu Lubumbashi badala ya kampuni mpya? Pia nataka kumleta fundi wetu mmoja wa injini.

AvokaKampemba
Tawi ni rahisi kufungua na ni gumu kulitunza. Halina utu wake kisheria, kwa hiyo deni la Lubumbashi ni deni la Nakuru. Kifungu cha 120 cha sheria ya kampuni ya OHADA kinataka tawi la mgeni ligeuzwe kampuni ya hapa ndani ya miaka 2, isipokuwa upate msamaha wa waziri wa biashara, nao ni wa miaka 2 usiorudiwa kwa kampuni za kawaida. Kisha sous-traitance umefungiwa, kwa sababu mtaji ni wa nje wote. Tawi linafaa kwa mkataba mmoja wenye mwanzo na mwisho.

MamaHesabuLSH
Kuhusu fundi: visa ya matembezi si ya kazi. Mwajiri anaomba kadi ya kazi ya mgeni kwa Commission nationale de l'emploi des étrangers, na kadi haizidi miaka 2. Ndipo DGM (idara ya uhamiaji) inatoa visa d'établissement ya kazi. Kampuni ndiyo inayoomba, kwa hiyo RCCM, NIF na CNSS zitangulie. Andika mkataba unaoeleza kwa nini ujuzi huo haupatikani kirahisi hapa na nani Mkongomani atakayefundishwa. Kuna idadi ya juu ya wageni kulingana na sekta. Gereji yenye mafundi wengi wa nje itakataliwa.

Hesabu ya gharama sasa. Mshahara wa dola 2,000 kwa mgeni kutoka Kenya: kuna kodi ya pekee ya mishahara ya wageni, IERE, asilimia 25, inayobebwa na mwajiri. Hiyo ni karibu dola 500. CNSS upande wa mwajiri ni asilimia 13, dola 260. INPP kwa kampuni binafsi yenye wafanyakazi hadi 50 ni asilimia 3, dola 60. Kwa hiyo juu ya 2,000 unalipa 820 hivi, na ONEM bado. Upande wa mfanyakazi inakatwa CNSS asilimia 5 na kodi ya mshahara. Ukimwahidi fundi "2,000 mkononi", piga hesabu upya kutoka chini kwenda juu, itakuwa kubwa zaidi.

TundumaVipuri
Mama, na sisi tukishapata RCCM, mwezi wa kwanza tunadaiwa nini?

MamaHesabuLSH
Namba ya RCCM inakupa kuzaliwa, haikupi ruhusa ya kunyamaza. Tangazo la kodi linawasilishwa hata kama hamjauza kitu. Kuna anayekaa miezi minne anapaka rangi duka, hawasilishi, halafu faini inaanza kabla ya mauzo.

Kodi ya mshahara hutangazwa na kulipwa kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. TVA (VAT) nayo tarehe 15, ni asilimia 16, na inakuhusu mauzo ya mwaka yakifikia faranga za Kongo milioni 80. Kwa duka la vipuri vya malori kiwango hicho mtakifikia haraka, kwa hiyo panga bei tangu mwanzo mkiwa na TVA ndani. Na mwulize kontable (mhasibu) kama programu yenu ya fakture inatoa fakture inayotakiwa na DGI. Mteja mkubwa asipoipata hawezi kurudishiwa TVA yake, na hatakulipa.

Kodi ya faida ni asilimia 30, tangazo la mwaka kabla ya 30 Aprili. Mwaka wa hasara bado kuna kiwango cha chini cha asilimia 1 ya mauzo. Kwa duka lenye mauzo makubwa na faida nyembamba, hiyo asilimia 1 inauma.

Pango la nyumba: kampuni inapolipa pango, kisheria ni yenyewe inayokata sehemu ya kodi ya mapato ya pango na kuipeleka kwa mapato ya mkoa, hapa DRHKAT. Mwenye nyumba wengi hukataa, wanataka "net". Andikeni kwenye mkataba ni nani anayebeba, na pango kabla ya makato ni ngapi. Msipokata, DRHKAT itawadai nyinyi, si yeye.

Kisha hesabu za mwaka zipitishwe na mkutano ndani ya miezi 6, asilimia 10 ya faida iingie akiba ya kisheria hadi ifike asilimia 20 ya mtaji.

KasumbaTransit
Upande wa forodha. Kabla ya kontena la kwanza: namba ya muagizaji na msafirishaji nje, kisha banki ikufungulie tangazo la kuagiza, lile la IB, kupitia gishe ya biashara ya nje. FERI (hati ya mzigo) ya OGEFREM, ofisi ya shehena, na ukaguzi wa OCC, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, vifuate. DGDA (forodha) wanafanya kazi kwenye Sydonia, mfumo wao wa kompyuta. NIF yako isipokuwa hai mle ndani, tangazo halipiti hata lori likiwa getini.

Fakture iliyoandikwa "spare parts, 1 lot" ni kujitafutia kupandishiwa thamani. Orodhesha kila kipuri kwa Kifaransa: jina, namba ya kiwanda, idadi, uzito, nchi kilikotengenezwa, bei ya kimoja. Tenga vya breki, vya injini, na matairi, kwa sababu ushuru wake si mmoja. Jina la mpokeaji liwe sawa na RCCM, SARL ikiwemo. Na msitegemee kwamba kwa vile Kongo ni mwanachama wa Jumuiya, bidhaa kutoka Tunduma zitavuka bila ushuru. Lipeni mkijua hivyo. IB nayo ifunguliwe kabla mzigo haujapakiwa. Kuifungua lori likiwa limeshapita Nakonde ni kununua faini na siku za kusubiri.

BinaMakaratasi
Hapo hapo, kabla hamjaleta mitambo ya gereji: ANAPI, wakala wa uwekezaji. Kanuni ya uwekezaji, sheria 004/2002 ya 21 Februari 2002, inasamehe ushuru wa mitambo, mnabaki na ada ya utawala ya asilimia 2. Kampuni ndogo inaingia kuanzia dola 10,000 hadi 200,000, zaidi ya hapo ni kundi kubwa. Muda unategemea mahali: Kinshasa miaka 3, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi miaka 4, kwingine kama Goma na Bukavu miaka 5.

Kuna mitego miwili. Biashara ya kununua na kuuza haimo, kwa hiyo duka halisamehewi, gereji inaweza. Tenganisheni kwenye mpango wa uwekezaji na kwenye vitabu. Mtego wa pili ni wakati: msamaha hufuata orodha ya mitambo iliyoidhinishwa. Kilichoingia kabla ya kuidhinishwa kimeshalipiwa, hakirudishwi. Vipuri vya mitambo hiyo vinakubaliwa hadi asilimia 10 ya thamani yake, basi. Kila mwaka kuna mtu anajaribu kupitisha stoki ya duka humo.

MtuWaLikasi
Na kiwanja? Wanunue au wapange?

AvokaKampemba
Ardhi ni ya Leta (dola), chini ya sheria 73-021 ya 20 Julai 1973. Haki ya kudumu ni ya raia Mkongomani tu. Mgeni na kampuni wanapata konsesheni ya kawaida, hadi miaka 25 inayoweza kurudiwa. Kwa mwaka wa kwanza wapange. Wachunguze kwa Conservateur des titres immobiliers (msajili wa hati za ardhi) kama anayepangisha ndiye mwenye hati, hasa kando ya barabara ya Kasumbalesa ambako kiwanja kimoja kinaweza kuwa na wenyewe watatu.

Mkataba wa pango la biashara unalindwa na OHADA: mpangaji aliyefanya kazi mahali hapo kwa miaka 2 ana haki ya kurudishiwa mkataba. Ukiwa na muda maalumu, mpangaji lazima aombe miezi 3 kabla haujaisha, kwa hati ya huissier (afisa wa mahakama anayepeleka hati) au njia inayothibitisha kupokelewa. Asipoomba ndani ya muda huo haki inapotea, hata kama amejenga shimo la kukagulia malori na kumwaga zege kwa pesa zake. Na gereji ina mafuta machafu: ulizeni mapema kibali cha mazingira, kabla ya kumwaga zege hilo.

TundumaVipuri
Nashukuru sana wote. Mwenzetu Mkongomani ni fundi mkuu wa umeme wa malori, si mtu wa jina tu. Tumeelewana iwe SAS, 51 kwake. Kitu kimoja tu: tukifungua baadaye karakana ndogo Kolwezi, tunaandikisha kampuni nyingine?

BinaMakaratasi
Hapana ndugu. Kampuni ni ile ile, NIF ile ile. Mnaandikisha kituo cha pili kwenye RCCM ya huko ndani ya mwezi mmoja tangu kianze kazi, mkitaja namba ya RCCM ya Lubumbashi. Ila Kolwezi ni mkoa wa Lualaba tangu Katanga ilipogawanywa 2015, kwa hiyo kodi za mkoa za karakana hiyo zinalipwa huko, na Inspection du travail ya huko nayo ipewe tamko la kufungua kabla fundi wa kwanza hajashika spana.

AvokaKampemba
Na mkikubaliana SAS, nileteeni kwanza orodha ya maamuzi yatakayohitaji sahihi za wote, pamoja na bei ya kununuliana hisa mmoja akitaka kutoka. Yule fundi aje na avoka wake mwenyewe kuisoma. Statuti zitaandikwa baada ya hapo.